Kibali cha ujenzi Tanga: ufuatilie mwenyewe au umwachie mchora ramani?

Nimepitia njia zote mbili. Nyumba yangu ya Mwahako nilimwachia mchora ramani kila kitu, tangu kuja kupima kiwanja hadi kuniletea kibali chenye muhuri. Miaka michache baadaye shangazi alitaka kubomoa upande wa uani wa nyumba ya Ngamiani, ajenge upya vyumba vitatu na choo cha ndani, na safari hiyo faili nililibeba mwenyewe. Kwa hiyo mtu akiniuliza ipi afadhali, simwambii ya kusikia.

Jibu langu nalitoa mapema. Hapa pana kazi mbili, na watu wengi wanazinunua kama moja. Kuchora ni kazi ya mwenye ujuzi wake. Kufuatilia anaweza mwenye nyumba. Ukimlipa mtu kwa kuchora tu, halafu faili ukalipeleka wewe, unapata mchoro mzuri na unajua kila siku jambo lako limefikia wapi. Lakini si kila mtu ana nafasi hiyo, na kuna viwanja ambavyo hata ukimtuma nani havipati kibali. Nianze na hivyo.

Kiwanja chako kinaombeka?

Kibali kinaombwa Halmashauri ya Jiji la Tanga, na kabla hawajatazama nyumba yako ina vyumba vingapi watataka kujua ardhi ni ya nani na imepangiwa matumizi gani. Hati miliki au barua ya toleo ndiyo inayojibu. Mkataba wa mauziano, hata uwe umegongwa muhuri wa serikali ya mtaa na kusainiwa na mashahidi wanne, unaonyesha kwamba ulinunua. Hauonyeshi kwamba kiwanja kimepimwa, wala kwamba mipango miji imekitenga kuwa cha makazi. Huko pembezoni, kuelekea Pongwe na Mabokweni, bado utauziwa kipande kwa hatua za miguu, mpaka wake ukiwa mnazi. Kama chako ni cha namna hiyo, weka pembeni swali la nani abebe faili. Anza na upimaji. Na mchora ramani anayekuahidi kibali juu ya kipande kisichopimwa anakuuzia kitu ambacho hana.

Barabara za namba za Ngamiani zina shida yake nyingine. Nyumba nyingi kule ziko kwa majina ya marehemu. Ya kwetu ilikuwa bado kwa jina la babu. Shangazi ndiye mkubwa, ndiye anayekaa humo, ndiye aliyekuwa akiziba bati kila masika, lakini mbele ya faili hakuwa mwombaji mpaka ukoo ukae, msimamizi wa mirathi apendekezwe, mahakama ya mwanzo itangaze na kusubiri wenye pingamizi. Ilituchukua miezi. Nasema hivi kwa sababu kuna ndugu walikuwa wanatushauri tumpe mtu hela "alimalize". Mirathi haimalizwi na mchora ramani. Ukijaribu kuiruka, siku binamu mmoja akikasirika anakwenda kusimamisha ujenzi, na haki iko upande wake.

Jambo dogo linalowachelewesha wengi: risiti ya kodi ya ardhi. Watu wanajibu, "mbona nakatwa kwenye LUKU?" Kinachokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni kodi ya majengo. Pango la ardhi ni deni jingine, unalilipa kwa kiwanja chenyewe kila mwaka, na kama una malimbikizo bora uyajue ukiwa nyumbani kuliko kuyajulia dirishani.

Na ukiwa umeangukia kiwanja kinachotazama bahari, Raskazone au Sahare, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Walio kando ya barabara kuu ya kwenda Segera au Horohoro nao wana mita 30 kutoka katikati ya barabara, ambazo ni hifadhi. Hapo hakuna wa kumtuma atakayekusaidia.

Ukimwachia mtu

Raha ya njia hii haifichiki. Unakutana na mtu mmoja, mnakubaliana bei moja ya "kibali mkononi", unampa nakala za hati na kitambulisho cha NIDA, unarudi kwenye shughuli zako. Mchora ramani anayekwenda halmashauri kila wiki anajua karatasi zinavyopangwa, anajua mchoro lazima uonyeshe namba ya kiwanja na kitalu, jina la mwenye kiwanja, umbali wa ukuta na mipaka, njia ya maji taka, sehemu ya kuegesha gari. Wewe ungejifunza hayo kwa kurudishwa.

Langu liliharibika kwa sababu ya ukimya. Kijana niliyempa kazi alikuwa mpole, simu anapokea, na kila nikimuuliza ananiambia, "Faili liko mezani, dada, tuvute subira." Nilivuta. Mafundi niliokuwa nimepatana nao wakaondoka, mchanga nilioshusha ukaanza kuota majani. Mwishowe nikapanda daladala kwenda mwenyewe, nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba michoro ilirudishwa kwa mhusika wiki nyingi nyuma, na karatasi ya marekebisho ipo. Nikaonyeshwa nakala. Ukurasa wa pili wa ramani yangu ulikuwa na namba ya kitalu ya mtu mwingine. Alama ya kaskazini ilielekezwa kwa kiwanja ambacho si changu, na ndiyo maana mlango wa mbele kwenye karatasi ulitazama ukuta wa jirani badala ya barabara. Yaani alikuwa na ramani aliyomchorea mteja mwingine, akabadilisha jina.

Kosa hilo lingeonekana kwa dakika mbili kama ningeitazama ramani yangu kabla haijaondoka. Sikuitazama. Nilikuwa nimelipa ili nisiitazame.

Kwa hiyo hata ukiamua kumwachia mtu, omba siku ya kukaa naye na ramani mkononi. Simama kwenye kiwanja, tafuta bikoni zako zote, zile alama za mpaka zilizowekwa na mpimaji, geukia upande wa barabara, kisha geuza karatasi hadi ilingane na ulivyosimama. Tembea kutoka bikoni hadi pale ukuta utakapokuwa. Uliza karo liko wapi na shimo la kufyonzea maji liko wapi, na kisima cha jirani kiko upande gani. Uliza jua la jioni litapiga chumba kipi. Hizi ramani zinazouzwa kwenye simu, zimepakwa rangi na bustani mbele, hazijui kwamba hapa kwetu kusi inavuma kutoka upande wa kusini na kaskazi inatoka upande wake, na kwamba chumba kisichopata upepo wowote kati ya hizo mbili, mwezi wa pili hakilaliki. Mchora ramani mzuri wa Tanga anakuuliza hayo kabla hujamwuliza wewe. Ukimpata huyo, mshike.

Ukibeba faili mwenyewe

La shangazi nilimtafuta mchoraji mwingine, nikamwambia waziwazi: nakulipa kuchora na kurekebisha utakapotakiwa kurekebisha, kupeleka ni mimi. Hakufurahi sana, lakini alikubali, na bei ilikuwa ndogo kwa sababu hakubeba nauli wala muda wa kukaa foleni. Akanipa seti tatu za michoro, zimekunjwa sawasawa, na nakala kwenye simu.

Fomu ya maombi haina mtego. Ukiweza kujaza fomu ya shule ya mtoto, hii utaiweza. Siku hizi upo pia mfumo wa Tausi wa TAMISEMI kwa wanaoombea mtandaoni. Ukijisajili, jisajili kwa namba yako ya NIDA na simu yako. Ukimwacha mtu mwingine ajaze kwa simu yake, ujumbe wote wa maendeleo unakwenda kwake, na umerudi palepale kwenye "faili liko mezani".

Kilichonifundisha zaidi ni robo saa moja tu. Afisa mipangomiji alifungua karatasi juu ya meza, akaishika pembe kwa kikombe, akachukua ile rula ya pembe tatu yenye vipimo vingi. Akaiweka kwenye ukuta wa choo kipya, akaisogeza taratibu hadi mstari wa mpaka. Hakusema kitu. Akahamia kwenye mchoro wa paa, akatazama mshale wa mwinamo wa bati, akanigeuzia karatasi.

"Maji ya paa hili yatadondokea wapi?"

Nikatazama. Bati lilikuwa la mwinamo mmoja, limeinamia nyuma, na nyuma ya ukuta ule ni uani kwa jirani, pale anapoanika nguo na kukaushia dagaa. Naijua sehemu ile tangu utotoni. Mchoraji hakuijua, kwa sababu alipima ndani ya uzio wetu tu. Viwanja vya Ngamiani ni vidogo, nyumba zimesogeleana, na mvua ya masika ikimwagika kutoka kwenye bati lako hadi kwenye ukuta wa mwenzio ni ugomvi wa miaka. Nikampigia mchoraji simu palepale, afisa akamweleza mwenyewe. Kesho yake jioni nilikuwa na seti mpya: mwinamo umegeuzwa kuja uani kwetu, gata imechorwa, na maji yanaingia kwenye pipa.

Lile swali lingeandikwa kwenye karatasi kwa maneno matatu, "rekebisha mwinamo wa paa", na lingepita mikono miwili kabla ya kunifikia. Kulisikia kwa masikio yangu kuliokoa wiki kadhaa na, naamini, ujirani.

Gharama yake ni miguu. Nilihesabu safari saba: kuulizia, kupeleka, kulipia na kurudisha risiti, kumpeleka mkaguzi aone eneo, marekebisho, kuulizia tena, kuchukua. Nilikuwa likizo. Mtu anayefungua duka saa moja asubuhi Makorora na kulifunga saa mbili usiku, safari saba ni siku saba za mauzo, na hesabu hiyo ni yake, mimi siwezi kumfanyia.

Hela zinapoachana

Ada ya halmashauri haibadiliki kwa sababu ya aliyeleta faili. Inategemea ukubwa wa jengo na matumizi yake. Nyumba ya kuishi na fremu za maduka hazilipi sawa. Kinachotofautiana ni kinachozunguka hiyo ada. Kwenye "kibali mkononi" umeweka ndani ya bei moja michoro, ada ya serikali, nakala, nauli na malipo ya kufuatilia, na huoni kipi ni kiasi gani. Mimi nilipodai risiti baadaye niliona ada niliyoambiwa na ada iliyolipwa haziko sawa.

Dawa yake ni moja na haina gharama: malipo ya serikali yanakwenda kwa kumbukumbu namba, ile "control number". Mwambie mtu wako akutumie namba hiyo, ulipe mwenyewe kwa simu au benki. Kabla hujathibitisha, jina na kiasi vitatokea, visome. Risiti ni yako. Mchora ramani mwaminifu hatakasirika, atafurahi kwa kuwa umempunguzia maneno. Anayeng'ang'ania umpe taslimu "kwa sababu anajuana na watu", mwache na kujuana kwake. Hapo ndipo vinapozaliwa vibali ambavyo vikitafutwa kwenye kumbukumbu za ofisi havipo.

Ghorofa

Kila nilichosema juu ya mchora ramani wa mtaani kinahusu nyumba ya chini. Ukitaka kupandisha ghorofa, hata moja, hata kwa ajili ya wanao tu, ulinganisho unabadilika. Unahitaji msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na mhandisi wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi wa kuchora nguzo, mihimili na nondo zake. Jengo likiwa la biashara au la watu wengi, Zimamoto nao watatazama njia za kutokea. Faili la namna hii sikushauri ulibebe peke yako. Maswali yatakayoulizwa ni ya kitaalamu na wewe hutakuwa na la kujibu.

Naogopa zaidi wale wanaotaka kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya zamani. Kuta za nyumba zetu za zamani ni mawe na udongo na chokaa, msingi wake hakuna aliyewahi kuuona. Fundi atagonga ukuta kwa nyundo na kusema "huu ni chuma". Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo mchana kweupe, watu wakiwa madukani, na tulikesha siku kadhaa tukisikiliza wakihesabu waliotolewa. Mwache mhandisi aufukue msingi autazame. Akikataa, mshukuru, mlipe, ubaki na nyumba ya chini.

Njia ya tatu ambayo utashauriwa

Utaambiwa: anza msingi, kibali kitakufuata. Fundi anasema hivyo kwa sababu anataka kazi leo. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka idhini kabla ya kujenga, na kwenye mtaa mtendaji wa kata anapita. Rangi nyekundu ikishawekwa ukutani, faili lako haliendi tena kama ombi, linakwenda kama kesi, na kama msingi umeingia sehemu isiyotakiwa unaung'oa kwa hela yako. Kozi tatu za tofali si kitu kwa anayekupa ushauri. Kwa aliyezinunua ni mshahara wa mwaka.

Baada ya muhuri

Hapa ndipo njia mbili hizi zinapoachana kabisa, na ndipo watu hawatazami. Aliyekuuzia "kibali mkononi" kazi yake imekwisha siku anakukabidhi. Lakini kibali kinakuja na masharti, na mojawapo ni kwamba hatua zikaguliwe: msingi kabla haujamwagwa zege, kisha nyingine kadiri jengo linavyopanda. Aliyebeba faili anamjua wa kumpigia simu. Mimi Mwahako sikumjua. Nilimwaga jamvi la zege, halafu ndipo nikaanza kuulizia ukaguzi. Kwa shangazi nilipiga simu siku mbili kabla, mkaguzi akaja, akashuka kwenye mtaro, akamwambia fundi achimbe tena upande wa kushoto kwa kuwa pale palikuwa kifusi cha choo cha zamani. Tulichimba. Udongo mgumu tuliupata chini zaidi kuliko tulivyodhani.

Seti yenye muhuri ikae saiti, ndani ya nailoni, mahali fundi anapoifikia. Akija mtendaji, inatolewa. Na ukitaka kubadilisha kitu, baraza ipanuke au chumba kiongezeke, rudi kwa mchoraji na ofisini kabla tofali halijapangwa, maana kibali ni cha ile karatasi, si cha wazo lililokuja mkinywa chai.

Basi wewe uko wapi?

Nyumba ya chini, kiwanja kimepimwa, hati iko kwa jina lako na unakaa Tanga: lipia mchoro, beba faili. Una kazi isiyokupa ruhusa: tafuta mtu wa nyumbani unayemwamini akubebee, shemeji au mdogo wako, na umwandikie barua ya idhini. Ghorofa au jengo la biashara: ofisi ya wasanifu iliyosajiliwa, na mkataba wa maandishi unaotaja nani anafuatilia na ada italipwa na nani. Nyumba ya urithi: mahakamani kwanza, kisha msimamizi mwenyewe aende.

Ndugu yangu aliyeko Muscat alinipigia mwaka jana, ana kiwanja Kange, anataka kumpa mtu kila kitu kwa bei moja kwa kuwa yuko mbali. Tulikubaliana hivi: mchoraji alilipwa kwa mafungu mawili, nusu ya pili baada ya michoro kupokelewa bila marekebisho, mdogo wake alibeba faili, kumbukumbu namba ya kulipia ilitumwa WhatsApp, akalipa mwenyewe kutoka hukohuko. Kila karatasi iliyotoka ofisini ilipigwa picha siku hiyohiyo. Faili lilirudishwa mara moja, kwa sababu ya njia ya gari, na alijua kabla ya magharibi.